Jim Thorpe

Jim Thorpe (jina kamili James Francis Thorpe, Mei 1887 – 28 Machi 1953) alikuwa mwanamichezo wa Marekani aliyepata sifa katika michezo mitatu tofauti: futiboli ya Kimarekani, riadha na besiboli. Alikuwa Mwindio wa taifa la Sac na Fox. Mwaka 1912 alishinda medali mbili za dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Stockholm, Uswidi. Miezi sita baadaye alinyang'anywa medali hizo kwa sababu aliwahi kulipwa fedha kidogo kwa kucheza besiboli. Ushindi wake ulirudishwa nusunusu mwaka 1982, na kikamilifu mwaka 2022, miaka 69 baada ya kifo chake.

Katika futiboli ya Kimarekani alikuwa mchezaji wa aina ambayo leo haipo tena. Alikimbia na mpira, alipiga mateke, alirusha pasi, aliwakaba wapinzani, na aghalabu alibaki uwanjani tangu mwanzo hadi mwisho wa mchezo. Mwaka 1920 alichaguliwa kuwa rais wa kwanza wa umoja wa timu za kulipwa ambao leo unajulikana kama NFL.

Waindio wanaotajwa katika makala hii ni wenyeji asilia wa Amerika, ambao vitabu vya zamani vya shule viliwaita Wahindi Wekundu. Hawana uhusiano wowote na Wahindi wa Bara Hindi.

Utoto

Thorpe alizaliwa katika nyumba ya magogo karibu na mahali ulipo sasa mji wa Prague, jimbo la Oklahoma. Wakati huo Oklahoma haikuwa jimbo bado. Sehemu hiyo iliitwa Eneo la Waindio, na mataifa mengi ya wenyeji yalikuwa yamehamishiwa huko kwa nguvu kutoka sehemu nyingine za nchi. Watu wa Sac na Fox wenyewe walitokea upande wa Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, wakasukumwa hadi Iowa, kisha Kansas, na mwishowe Oklahoma. Cheti chake cha kuzaliwa hakijapatikana, ndiyo maana vitabu hutofautiana: vingine husema 22 Mei 1887, vingine 28 Mei, na vichache hutaja mwaka 1888.

Baba yake, Hiram Thorpe, alikuwa mtoto wa Mwairishi na mwanamke wa Sac na Fox. Mama yake, Charlotte Vieux, alikuwa na damu ya Kifaransa na ya taifa la Potawatomi. Mama alikuwa Mkatoliki na mtoto alibatizwa katika dini hiyo. Kwa lugha ya taifa lake aliitwa Wa-Tho-Huk, jina ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa njia iliyoangazwa na mmweko wa radi.

Jim alikuwa pacha. Ndugu yake aliitwa Charlie, na wawili hao walikua pamoja wakiwinda, wakivua samaki na kufukuzana na farasi mwituni. Walipokuwa na umri wa miaka minne, serikali ya Marekani iligawa ardhi ya Sac na Fox. Kila mwanachama wa taifa alipewa kipande chake, na sehemu kubwa iliyobaki ikafunguliwa kwa walowezi. Tarehe 22 Septemba 1891 maelfu ya walowezi waliingia kwa mbio kujichagulia viwanja. Familia ya Thorpe ikajikuta imezungukwa na majirani wapya katika nchi ambayo juzijuzi tu ilikuwa ya taifa lao.

Pacha hao walipelekwa katika shule ya bweni ya Waindio iliyokuwa chini ya wakala wa serikali. Charlie alifariki kwa nimonia walipokuwa na umri wa miaka tisa hivi. Baada ya msiba huo Jim alianza kutoroka shule mara kwa mara. Baba yake akaamua kumpeleka mbali ambako asingeweza kurudi kwa miguu, yaani katika shule ya Haskell iliyopo Lawrence, Kansas. Huko ndiko alikoona futiboli ya Kimarekani kwa mara ya kwanza. Miaka michache baadaye mama yake alifariki kutokana na matatizo ya uzazi. Jim aligombana na baba yake, akaondoka nyumbani na kwenda kufanya kazi katika ranchi ya farasi.

Mwaka 1904 alikubali kurudi shuleni, safari hii Carlisle katika jimbo la Pennsylvania. Kabla hajazoea mazingira mapya, baba yake naye alifariki, kutokana na sumu iliyoingia kwenye damu baada ya kujeruhiwa akiwinda. Jim akabaki yatima akiwa na umri wa miaka 17 hivi.

Shule ya Carlisle

Ili kuelewa maisha ya Thorpe ni lazima kuelewa shule hii. Ilianzishwa mwaka 1879 na afisa wa jeshi, Richard Henry Pratt, ndani ya kambi ya zamani ya kijeshi. Lengo lake lilitamkwa waziwazi: kumwondolea mtoto wa Kiindio lugha, mavazi, dini na desturi za kwao, ili atoke akiwa na tabia za Mzungu. Watoto walikatwa nywele siku ya kufika, walipewa majina ya Kiingereza, walivaa sare za kijeshi na waliadhibiwa wakikutwa wakizungumza lugha zao. Nusu ya siku ilikuwa ya masomo, nusu ya kazi za mikono. Wengi walipelekwa kufanya kazi kwenye mashamba na nyumba za Wazungu kwa ujira mdogo. Thorpe mwenyewe alitumikia mashambani kwa mpango huo. Wapo watoto zaidi ya mia moja waliokufa wakiwa pale na kuzikwa kwenye makaburi ya shule.

Hata hivyo shule hiyohiyo ilikuwa na timu ya futiboli iliyojulikana nchi nzima. Kocha wake, Glenn Warner, maarufu kama Pop, alikuwa mbunifu sana wa mbinu. Wachezaji wake walikuwa wembamba kuliko wapinzani, kwa hiyo alitegemea kasi, udanganyifu na pasi ya kurushwa mbele, ambayo iliruhusiwa rasmi mwaka 1906. Viingilio vya mechi vililetea shule fedha nyingi. Fedha hizo zilikuwa mikononi mwa Warner na uongozi, jambo ambalo lingekuja kuchunguzwa baadaye.

Habari ya jinsi Thorpe alivyogunduliwa husimuliwa karibu katika kila kitabu kinachomhusu. Siku moja ya mwaka 1907 alipita karibu na wanariadha waliokuwa wakifanya mazoezi ya kuruka juu. Akiwa na nguo zake za kazi aliomba kujaribu, akaruka kipimo kilichowashinda wote, futi 5 na inchi 9, yaani kama sentimita 175. Kesho yake Warner alimwita kwenye timu ya riadha. Inawezekana hadithi imeongezwa chumvi kidogo kwa miaka mingi ya kusimuliwa, lakini ni kweli kwamba tangu mwaka huo alikuwa mwanariadha bora wa shule.

Warner hakutaka acheze futiboli, akihofia kumpoteza kwa jeraha. Thorpe alisisitiza. Kocha akampa mpira na kumwambia ajaribu kuupitisha katikati ya walinzi wote wa timu, akitumaini kwamba wangemfundisha adabu. Thorpe aliwapita. Akaambiwa arudie, akawapita tena.

Mchezo ulivyokuwa enzi zake

Msomaji aliyezoea kandanda anahitaji maelezo machache hapa. Futiboli ya Kimarekani huchezwa na watu 11 kila upande kwa mpira wenye umbo la yai, na mpira unaweza kubebwa mikononi. Timu yenye mpira hupewa majaribio machache ya kusonga mbele yadi 10 (yadi moja ni kama sentimita 91). Ikifaulu hupewa majaribio mengine, ikishindwa hupokonywa mpira. Kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani huitwa tachidauni. Mchezaji anaweza pia kupata pointi 3 kwa kuupiga mpira teke ukapita kati ya milingoti ya goli.

Thorpe alicheza wakati sheria zilikuwa bado zinabadilika. Hadi mwaka 1911 timu ilikuwa na majaribio matatu tu na tachidauni ilikuwa na pointi 5. Kuanzia 1912 majaribio yakawa manne, tachidauni ikawa pointi 6, na uwanja ukafupishwa kuwa yadi 100. Kubadilisha wachezaji kulibanwa sana, kwa hiyo walewale walioshambulia ndio waliolinda. Siku hizi timu huwa na mtu wa kukimbia, mtu wa kurusha, mtu wa kupiga mateke tu, na kikosi kingine kabisa cha kulinda. Kwa Thorpe kazi zote hizo zilikuwa za mtu mmoja.

Kuondoka na kurudi

Baada ya misimu ya 1907 na 1908 Thorpe aliondoka shuleni. Katika majira ya joto ya 1909 na 1910 alicheza besiboli katika ligi ndogo ya North Carolina, kwanza katika mji wa Rocky Mount, kisha Fayetteville. Alilipwa fedha kidogo, za kutosha chakula na malazi. Vijana wengi wa vyuo walifanya hivyohivyo kila mwaka wakati wa likizo, ila walitumia majina ya uongo ili wasipoteze haki ya kushiriki michezo ya ridhaa. Thorpe alicheza kwa jina lake mwenyewe, na jina hilo lilichapishwa kwenye magazeti ya huko.

Mwaka 1911 Warner alimshawishi arudi Carlisle, akimwambia kwamba angeweza kwenda Olimpiki. Msimu huo Carlisle ilishinda mechi 11 na kupoteza moja tu. Mechi inayokumbukwa zaidi ni ile ya 11 Novemba 1911 dhidi ya Chuo Kikuu cha Harvard, moja ya timu zenye nguvu kuliko zote nchini. Kocha wa Harvard aliwadharau wageni, akaanza na wachezaji wa akiba. Thorpe alicheza akiwa amefungwa bandeji mguuni. Alipiga mateke manne ya goli, likiwemo moja kutoka umbali wa zaidi ya yadi 40, na Carlisle ikashinda kwa pointi 18 kwa 15. Pointi 12 kati ya hizo 18 zilitokana na mguu wake. Mwisho wa mwaka alichaguliwa katika kikosi bora cha taifa, na ndivyo ilivyokuwa tena mwaka 1912.

Stockholm 1912

Olimpiki ya mwaka huo ilikuwa na mashindano mawili mapya ya kupima mwanariadha kamili. La kwanza lilikuwa pentathloni, yenye kuruka mbali, kutupa mkuki, mbio za mita 200, kutupa kisahani na mbio za mita 1500. Thorpe alikuwa wa kwanza katika manne kati ya hayo, na wa tatu katika mkuki, ambao alikuwa ameanza kujifunza muda mfupi tu kabla. Washindi walipangwa kwa kujumlisha nafasi walizopata, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Thorpe alipata 7. Aliyemfuata, Ferdinand Bie wa Norwei, alipata 21.

Siku chache baadaye ilifuata dekathloni yenye michezo kumi, iliyochukua siku tatu. Husimuliwa kwamba viatu vyake viliibwa, akalazimika kuvaa viatu viwili visivyofanana, kimoja kikiwa kimeokotwa kwenye pipa la taka. Ipo picha yake akiwa amevaa viatu na soksi za namna mbili. Alimaliza kwa kukimbia mita 1500 kwa dakika 4 na sekunde 40.1, muda ambao wanariadha wengi wa dekathloni waliokuja baada yake hawakuufikia. Jumla yake ilikuwa pointi 8,413 kwa jedwali la wakati huo. Wa pili, Hugo Wieslander wa Uswidi, aliachwa kwa karibu pointi 700. Katika Michezo hiyohiyo Thorpe alishika pia nafasi ya nne katika kuruka juu na ya saba katika kuruka mbali.

Mfalme Gustaf V alimkabidhi zawadi mwenyewe. Mwanafunzi mwenzake wa Carlisle, Lewis Tewanima wa taifa la Hopi, alipata medali ya fedha katika mbio za mita 10,000. Waliporudi nyumbani walipokelewa kwa maandamano makubwa mjini New York. Waindio wengi wakati huo walikuwa bado hawatambuliwi kuwa raia wa Marekani. Uraia kwa wote uliletwa na sheria ya mwaka 1924.

Mechi ya West Point

Miezi michache baadaye Thorpe alikuwa tena uwanjani na jezi ya Carlisle. Tarehe 9 Novemba 1912 walicheza na chuo cha kijeshi cha West Point. Si rahisi kuiangalia mechi hiyo kama michezo tu. Mauaji ya Wounded Knee, ambapo wanajeshi wa Marekani waliwaua mamia ya watu wa taifa la Lakota, yalikuwa yametokea mwaka 1890, na upande wa pili walikuwa vijana wanaofunzwa kuwa maafisa wa jeshi hilohilo.

Carlisle ilishinda 27 kwa 6. Inasimuliwa kwamba Thorpe alikimbia yadi 92 na kufunga, mwamuzi akakataa kwa kosa la mwenzake, na katika mchezo uliofuata akakimbia yadi 97 na kufunga tena. Miongoni mwa waliojaribu kumkaba alikuwamo Dwight Eisenhower, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani na ambaye hadi uzee wake alimtaja Thorpe kama mchezaji asiye na mfano. Katika msimu huo mzima Thorpe anahesabiwa kuwa na tachidauni 25 na pointi 198.

Kunyang'anywa medali

Mwishoni mwa Januari 1913 gazeti la mji wa Worcester, Massachusetts, lilichapisha habari kwamba bingwa wa Olimpiki alikuwa amecheza besiboli kwa malipo. Sheria za wakati huo zilisema kwamba mwanamichezo wa ridhaa hapaswi kupokea fedha kwa mchezo wowote ule, hata kama si ule anaoshindania. Sheria hiyo ilibuniwa na matajiri ambao hawakuhitaji ujira, na iliwabana zaidi vijana maskini.

Thorpe hakukana. Alimwandikia James Sullivan, katibu wa chama cha riadha cha Marekani, barua ya kukiri, akieleza kwamba alikuwa kijana wa shule wa Kiindio asiyeyajua mambo hayo, kwamba hakucheza kwa ajili ya fedha bali kwa kuupenda mchezo, na kwamba wengine walifanya hivyo kwa kuficha majina. Waandishi wengi wa maisha yake wanaamini kwamba Warner alihusika katika kuiandaa barua hiyo. Warner na uongozi wa shule walitangaza kwamba hawakujua lolote. Ni vigumu kuwaamini: kocha aliyemfuatilia mchezaji wake bora kwa miaka, na aliyemwita arudi, hakosi kujua alikokuwa.

Chama cha riadha kilifuta matokeo yake, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakubali. Medali na zawadi zilirudishwa Ulaya na kupewa Bie na Wieslander. Kanuni za Michezo ya Stockholm zilitaka pingamizi lolote litolewe ndani ya siku 30 baada ya Michezo kufungwa, na habari ya gazeti ilikuja karibu miezi sita baadaye. Hakuna aliyemtajia Thorpe kanuni hiyo.

Mwaka 1914 Bunge la Marekani liliichunguza Carlisle, baada ya wanafunzi wenyewe kulalamika juu ya uongozi na matumizi ya fedha za michezo. Mkuu wa shule alipoteza kazi na Warner akaondoka. Shule ilifungwa mwaka 1918.

Mchezaji wa kulipwa

Kwa kuwa hadhi ya ridhaa ilikuwa imekwisha, Thorpe alisaini mkataba na timu ya besiboli ya New York Giants mwaka 1913. Mwaka huohuo alimwoa Iva Miller, aliyekuwa mwanafunzi mwenzake Carlisle, na wakasafiri na timu katika ziara ya kuzunguka dunia iliyopita Japani, Australia, Misri na Ulaya. Alicheza ligi kuu ya besiboli hadi 1919, akipitia pia Cincinnati Reds na Boston Braves. Hakuwa nyota, kocha wake wa New York alimweka benchi muda mrefu, ingawa msimu wake wa mwisho ulikuwa mzuri.

Futiboli ilikuwa habari nyingine. Mwaka 1915 timu ya Canton Bulldogs ya Ohio ilimsajili kwa dola 250 kwa kila mechi, kiasi kikubwa mno kwa wakati ambao futiboli ya kulipwa ilidharauliwa kuwa mchezo wa miji ya viwanda. Canton ilikuwa ikipata watazamaji kama 1,200. Mechi yake ya kwanza dhidi ya mahasimu wao wa Massillon iliwavuta wapatao 8,000. Pamoja naye Canton ilihesabiwa bingwa mwaka 1916, 1917 na 1919.

Tarehe 17 Septemba 1920 wawakilishi wa timu walikutana Canton, katika duka la magari la Ralph Hay, mmiliki wa Bulldogs, wakaanzisha umoja. Walimchagua Thorpe kuwa rais kwa sababu jina lake ndilo lililojulikana zaidi. Hakuwa mtu wa ofisini, na aliendelea kucheza. Mwaka uliofuata nafasi hiyo ilichukuliwa na Joseph Carr, na mwaka 1922 umoja ukabadilishwa jina kuwa NFL.

Mwaka 1922 na 1923 aliongoza timu ya Oorang Indians kutoka LaRue, kijiji kidogo cha Ohio. Wachezaji wote walikuwa Waindio. Mmiliki, Walter Lingo, alikuwa mfugaji na mwuzaji wa mbwa, na timu ilikuwa tangazo la biashara yake. Wakati wa mapumziko wachezaji walitakiwa kuonyesha mbwa, kucheza ngoma na kurusha visu. Watazamaji walifurahia maonyesho hayo, lakini timu ilishinda mechi 4 tu katika misimu miwili. Inasikitisha kuona wanaume waliowahi kuishinda Harvard na West Point wakigeuzwa sarakasi ya kuuzia mbwa.

Thorpe aliendelea kuhama timu, nguvu zikipungua. Mechi yake ya mwisho katika NFL ilikuwa Novemba 1928, akiwa na Chicago Cardinals na umri wa miaka 41. Walifungwa 34 kwa 0.

Miaka ya mwisho

Alistaafu mwaka mmoja kabla ya mdororo mkuu wa uchumi. Hakuwa na akiba wala kazi aliyofundishwa. Alichimba mitaro mjini Los Angeles, alikuwa mlinzi, mhudumu wa baa, na mwigizaji wa nafasi ndogondogo katika filamu, mara nyingi kama chifu wa Kiindio asiyesema neno. Ulevi ulimsumbua kwa miaka mingi. Alioa mara tatu na alikuwa na watoto wanane. Mtoto wake wa kwanza wa kiume alifariki akiwa mdogo, pigo ambalo marafiki walisema hakupona.

Mwaka 1950 waandishi wa habari za michezo walimpigia kura kuwa mwanamichezo bora wa nusu ya kwanza ya karne, na mwaka 1951 ilitoka filamu ya maisha yake, Burt Lancaster akiigiza kama yeye. Mwaka huohuo aliugua saratani ya mdomo, akalazwa kama mgonjwa asiyeweza kulipa. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 28 Machi 1953 huko Lomita, California.

Kurudishwa kwa ushindi wake

Maombi ya kurudishiwa medali yalianza akiwa hai na yalikataliwa. Mmoja wa waliokataa kwa muda mrefu alikuwa Avery Brundage, rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kuanzia 1952 hadi 1972. Brundage alikuwa amemaliza wa sita katika pentathloni ya Stockholm, ile aliyoshinda Thorpe.

Mwandishi Robert Wheeler na mkewe Florence Ridlon ndio walioitafuta na kuipata kanuni ya siku 30 katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Kwa ushahidi huo, mnamo Oktoba 1982 Kamati ilikubali kumrudisha Thorpe, lakini kama mshindi mwenza pamoja na Bie na Wieslander. Tarehe 18 Januari 1983 watoto wake wawili walikabidhiwa nakala za medali. Zile za asili zilikuwa zimewekwa katika makumbusho na kuibwa. Wieslander mwenyewe hakuwahi kukubali kwamba yeye ndiye mshindi halali. Tarehe 15 Julai 2022, baada ya kushauriana na Uswidi na Norwei, Kamati ilimtangaza Thorpe kuwa bingwa pekee wa pentathloni na dekathloni za 1912. Mwaka 2024 Rais Joe Biden alimtunuku Nishani ya Uhuru ya Rais.

Kaburi

Baada ya kifo chake ndugu zake walianza ibada ya mazishi ya Sac na Fox huko Oklahoma. Kabla haijakamilika, mke wake wa tatu, Patricia, aliuchukua mwili. Alikuwa akitafuta mji ambao ungemjengea mumewe mnara. Miji miwili jirani ya Pennsylvania, Mauch Chunk na East Mauch Chunk, iliyokuwa imefilisika baada ya biashara ya makaa ya mawe kuanguka, ilikubali kuungana na kujiita Jim Thorpe. Alizikwa huko, ingawa hakuwahi kuishi katika mji huo.

Mwaka 2010 mwanawe alifungua kesi, akitaka mabaki ya baba yake yarudishwe Oklahoma chini ya sheria ya mwaka 1990 inayolinda makaburi ya wenyeji asilia. Mahakama ya kwanza ilikubaliana na familia mwaka 2013. Mahakama ya rufaa ilitengua hukumu hiyo mwaka 2014, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kusikiliza shauri. Kaburi lipo Pennsylvania hadi leo, na chini ya mnara wake umewekwa udongo kutoka Oklahoma na udongo kutoka uwanja wa Stockholm.